Sauti ya Jua na kona za Kitonga

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Tarehe 1 Septemba 2016 wengi wenu mlikuwa Rujewa, mkoani Mbeya, kutazama kupatwa kwa Jua. Mwezi ukaliziba Jua katikati, ikabaki pete. Pete ile ilikuwa nzuri, lakini ndiyo iliyotunyima uhondo: mwanga wake ulitosha kuificha korona, anga la juu la Jua. (Korona hii haihitaji barakoa.) Humo joto linapita nyuzi milioni moja, ilhali uso wa Jua una kama 5,500 tu. Yaani unaondoka jikoni, na huko uani ndiko unakoungua! Nani kapeleka moto huko?

Mshukiwa wa kwanza alikuwa sauti. Gesi ya Jua inatokota kama uji, na mtokoto huo una kelele. Sisi hatuisikii, kwa sababu sauti haivuki utupu. Ila mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanafizikia Mmarekani Robert Leighton na wenzake waliona uso wa Jua ukipanda na kushuka kila dakika 5 hivi: ndiyo mawimbi ya sauti hiyo.

Sasa, wimbi la dakika 5 ni zito kupanda. Likijaribu, gesi yote iliyo juu yake inainuka na kushuka kwa pamoja, safari haipo. Yanayopenya ni ya haraka, ya dakika 3 hivi. Mbona basi ya dakika 5 nayo yanaonekana huko juu?

Waliosafiri kwenda Dar wanaijua Kitonga, ule mlima wa kona nyingi mkoani Iringa. Lori la shehena halikwei mlima ule wima. Linafuata barabara iliyolazwa ubavuni, kona kwa kona. Sumaku ya Jua ndiyo barabara hiyo. Kwenye madoa ya Jua, yale mabaka meusi usoni mwake, ina nguvu maelfu ya mara kuliko ya Dunia, na gesi yenye chaji ya umeme hufuata mistari yake. Katikati ya doa mistari imesimama, hapo zinatawala dakika 3. Pembeni imelala, mvutano wa Jua unapungua makali kwenye mteremko huo, na wimbi la dakika 5 linapanda.

Njiani kuna njia panda: pale mwendo wa sauti unapolingana na mwendo wa mawimbi ya sumaku, wimbi linagawanyika. Sehemu moja hushika mstari na kuendelea, nyingine hupinda ikarudi chini.

Je, sauti ndiyo inayoichoma korona? Miaka ya 1970 satelaiti ya OSO-8 ilipima, sauti ikaonekana haina nguvu hizo. Leo macho yote yako kwa sumaku yenyewe.

Korona yenyewe mtaiona tarehe 2 Agosti 2027, Jua likipatwa lote kule Luxor, Misri. Nauli kila mtu na yake.