Boti ya chini bapa, unaiunda uani kwako

Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele, na nyie vijana habari za saa izi, asanteni kwa kuja. Leo naongelea boti moja tu, ya mbao, chini bapa, urefu kama futi 12, niliyoiunda uani kwangu hapa Mwanza. Nimeichagua kwa sababu hiyo ndo mtu asiye fundi anaweza kuianza na akaimaliza.

Watu wengi wanaogopa umbo. Wanaona boti imejikunja mbele imejikunja nyuma, wanadhani lazima uwe na michoro mikubwa ya kiwandani. Sio ivo. Unachukua mbao mbili za futi 12, upana inchi 12, unapiga randa unene ubaki kama sentimita 2, ziwe pacha kabisa, katikati unaweka taruma moja, yaani fremu ya mbao inayoshika ubavu huu na ule, iliyotanuka juu kuliko chini, alafu unavuta ncha za mbele kwa kamba mpaka zikutane kwenye omo, yaani pua ya boti, na nyuma zinakaa kwenye ubao wa tezi, yaani mkia wake. Kamba unaikaza kwa kijiti, kidogo kidogo, ubao ukianza kulia unasimama, unaumwagia maji ya moto, unasubiri. Hapo sasa utaona kitu ambacho mimi mpaka leo kinanifurahisha: ubao ulikuwa umenyooka kama rula, lakini kwa vile umelalia nje, ukingo wake wa chini unapanda wenyewe mbele na nyuma. Ule mkunjo hamna aliyeuchora, umetoka kwenye mbao zenyewe.

Kabla ya skrubu za mwisho vuta uzi kutoka katikati ya omo mpaka katikati ya tezi. Uzi ukipita katikati ya taruma, endelea. Usipopita, boti imepinda, legeza kamba uirekebishe saa iyo iyo, maana ukishabandika ubao wa chini huwezi tena kuinyoosha, itakuwa inakuvuta upande mmoja kila ukipiga kasia.

Chini naweka plaiwudi ya milimita 9. Unageuza boti kifudifudi, unalaza plaiwudi juu, unachora kwa penseli kufuata mbavu, ndo unakata. Usikate kwa vipimo vya kwenye karatasi. Na plaiwudi usiamini maneno ya dukani jamani, mimi niliuziwa naambiwa hii ni ya majini, nikachukua kipande nikakichemsha kwenye sufuria saa nzima, tabaka zikaachana kama daftari lililoloa. Ile nikatengenezea kabati. Chemsha kwanza, kipande cha vidole vitatu kinatosha.

Sasa kona, pale ubavu unapokutana na chini. Hapa ndo boti nyingi za nyumbani zinafia. Wazee wetu wanaounda kwa mbao tupu wanajaza pamba ya kalafati kwenye maungio, na mbao ikinywa maji inavimba inabana, ndo maana chombo kikikaa nchi kavu muda mrefu kinavuja siku za mwanzo kisha kinatulia. Plaiwudi haivimbi ivo, ikivuja leo na kesho inavuja. Kwaiyo kona lazima igandishwe: gundi ya epoksi, unachanganya na unga laini wa mbao mpaka iwe nzito kama ugali mlaini, unapaka kwa ndani unasawazisha kwa mgongo wa kijiko, nje unalaza utepe wa faiba. Kingo za plaiwudi nazo zipake gundi mara mbili tatu kabla ya rangi, zenyewe ndo zinanyonya maji kuliko uso wake.

Boti bapa imetulia sana ukisimama ndani, ila isikudanganye. Wimbi likishaipandisha ubavu inageuka ghafla. Mimi naitumia asubuhi, karibu na ufukwe, jaketi okozi mwilini, na chini ya viti nimefunga madumu manne matupu ya lita 20 yenye vifuniko vilivyokazwa, ili ikijaa maji isizame.

Mzigo niliupigia hesabu hivi. Eneo la chini linalokaa majini ni kama mita za mraba 2, kwaiyo kila sentimita 1 inayozama inasukuma lita 20 za maji, yaani inabeba kilo 20. Boti kilo 60, watu wawili kilo 140, jumla 200, sentimita 10. Nikachora mstari pale kwenye taruma kwa nje. Siku ya kuishusha sikupanda, nilipakia madumu saba ya lita 20 yaliyojaa maji, ndo zile kilo 140 za watu wawili, moja moja, nimesimama maji ya magotini naangalia mstari. La saba lilipoingia maji yalikuwa juu ya mstari kama vidole viwili, maana ncha zimepanda, hazianzi kubeba mapema kama katikati. Ubavu uliobaki juu ya maji ulikuwa kama sentimita 15 hivi. Nikairudisha nchi kavu, nikachukua brashi, nikaandika kwenye tezi kwa herufi kubwa: WATU 2.