Bawaba ya mti

Asalaam aleikum, ndugu zangu wa Malindi. Leo nawaomba mkiangalie kipande kimoja chembamba cha mbao, kile kinachobaki kati ya mkato wa mbele na mkato wa nyuma unapoangusha mti. Nakiita bawaba, maana mti huzungukia hapo kama mlango, ukashuka upande uliouchagua. Kikatwe kiishe, mti utakwenda utakako wenyewe.

Tuchukue mwarobaini wa uani, upana wa shina sentimita 40. Pima urefu wake kwanza. Shika fimbo wima, mkono umenyooka, kipande kilicho juu ya ngumi kiwe sawa na masafa ya ngumi hadi jicho. Rudi nyuma mpaka ngumi ioane na shina, ncha ioane na kilele. Hapo uliposimama ndipo kilele kitakapofika. Watu wakae mara mbili ya hapo. Nyaya za stima zikiwa karibu, usiguse mti mpaka umeme uzimwe.

Mdomo, yaani mkato wa mbele, ukatwe upande wa kuangukia, kina sentimita 8 hadi 10. Mikato yake miwili ikutane barabara. Mmoja ukimpita mwenzake, bawaba imeshaliwa. Mkato wa nyuma uwe juu kidogo ya kona ya mdomo, na ukome bawaba ikiwa na sentimita 4, unene sawa kushoto na kulia. Pigilia kabari mapema, kabla mti haujaukalia msumeno. Ukisikia mbao zinalia, ondoka kinyumenyume kwa mshazari. Usisimame nyuma ya shina: huruka likarudi.

Mvinje ulioinamishwa na kusi ni hatari zaidi. Ukiukata nyuma kwa kawaida, shina hupasuka kwa urefu na ubao hupanda ghafla hadi usawa wa kichwa. Huo mwachieni fundi.

Mnazi nao, ugumu wake uko nje. Ndani ni laini. Kwa hiyo ncha mbili za bawaba ndizo zinazobeba, msizikate. Mkwezi atangulie kuangusha nazi na makuti makavu. Kisha kagueni vidato vya chini, zile ngazi za kukwelea zilizochongwa shinani. Maji hutuama humo, mbao ikaoza, na mbao iliyooza haishiki bawaba. Choma kwa ncha ya kisu: kikizama bila nguvu, mdomo uhamishieni juu au chini ya hapo, penye mbao nzima.