Tisa Bila: Daftari la Dakika

KOCHA: Karibuni tena. Leo tunaongea na walimu wa timu za watoto wa miaka 12 mpaka 15, zile ambazo msimu mzima zinakula kapu la magoli. Sita bila, tisa bila, kumi na moja kwa moja. Niko na Kipa, kama kawaida.

KIPA: Nipo, Kocha. Na hilo moja la kumi na moja kwa moja lilikuwa penati.

KOCHA: Huwa ni penati siku zote.

KIPA: Swali linalotufikia ni lile lile: "Timu yangu inapigwa kila wiki, nibadilishe nini?" Kumbe jamaa ameshabadilisha kila kitu. Jumamosi hii 4-4-2, ijayo 3-5-2, kipa mpya, nahodha mpya, mshambuliaji kageuzwa beki. Watoto wenyewe hawajui tena wanasimama wapi.

KOCHA: Mfumo uache kwanza. Nunua daftari la shule, andika dakika ya kila bao mlilofungwa. Mkosaji usimwandike. Andika dakika, na mpira ulianzia wapi: goli kiki yetu, kona, mpira wa kurusha, au kuanzia kati. Mechi tatu zinatosha kukuonyesha.

KIPA: Na kitu cha kwanza utakachokiona, mabao hayaji moja moja. Yanakuja kwa mafungu. Timu inahimili dakika 20 vizuri tu, halafu ndani ya dakika saba imepigwa manne.

KOCHA: Hata wakubwa. Brazil na Ujerumani, nusu fainali ya Kombe la Dunia 2014 kule Belo Horizonte. Watu wanakumbuka saba kwa moja, lakini soma dakika: 11, 23, 24, 26, 29. Halafu kimya mpaka ya 69. Mabao manne ndani ya dakika sita. Tazama lile la dakika ya 26 peke yake. Brazil wametoka kuanzia kati, Fernandinho yuko na mpira upande wake wa uwanja, Toni Kroos anamnyang'anya, anagongeana na Sami Khedira, bao. Wabrazil hawakuwa wamemaliza hata kulifikiria bao lililotangulia.

KIPA: Hao wanalipwa mamilioni. Mtoto wetu wa P.6, darasa la sita hapa Uganda, je?

KOCHA: Mtoto wa P.6 akifungwa anafanya mambo matatu. Kipa anaubutua mpira kwa hasira kuelekea kati. Mshambuliaji anaudaka mbio mbio aanze upesi, arudishe bao. Na mabeki wa pembeni wote wawili wanapanda, kwa sababu kila mtu sasa anataka kufunga. Mpira unaanzwa, unapotea baada ya pasi mbili, na nyuma wamebaki watoto wawili na uwanja mzima.

KIPA: Basi dawa yake ni kupunguza mwendo. Bao likiingia, mpira anauchukua nahodha, anautembeza mpaka kati. Atembee kawaida, akianza kuzurura refa atamwonya kwa kupoteza muda. Hapo unapata sekunde ishirini hivi, na katika hizo mabeki wanne wanahesabiana kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Asiyejibu, hayupo mahali pake.

KOCHA: Kisha mpira unaanzwa kwa kurudi nyuma. Tangu 2016 sheria inaruhusu mpira wa kuanzia uende upande wowote, kwa hiyo mtu mmoja kati anatosha. Anamrudishia kiungo, kiungo anampa beki, beki anaupiga mrefu sambamba na chaki, ule mstari wa pembeni, upande ambao adui ni dhaifu. Ukitoka nje, sawa tu.

KIPA: Watu watasema mnatupa mpira.

KOCHA: Tunautupa mbali na lango letu, tena kwa mpira wa kurusha, ambao mtoto wa miaka 13 harushi mbali. Linganisha na kuupoteza pale kati, mabeki wakiwa wametawanyika. Na weka amri moja: kwa dakika tano baada ya kufungwa, beki wa pembeni havuki mstari wa kati. Hata kama njia ni nyeupe.

KIPA: Tuje kwenye goli kiki, kwa sababu kwenye daftari lolote la timu inayopigwa, ndiyo inayoongoza. Picha yake ni hii. Mtoto anauweka mpira kwenye mstari wa boksi dogo, mita 5.5 kutoka lango. Wenzake wote wanapanda, wanampa mgongo. Anapiga kwa nguvu zake zote, unakwenda mita 25. Sasa piga hesabu: umeanguka mita 30 kutoka lango letu, kifuani kwa kiungo wao, na mabeki wetu bado wanakimbia kwenda mbele.

KOCHA: Hiyo ni pasi ya bao. Tunawapigia wenyewe.

KIPA: Na tunawapigia mara kumi na tano kwa mechi! Lakini tangu 2019 mpira wa goli kiki si lazima utoke nje ya kumi na nane, lile boksi kubwa. Ukishapigwa ukasogea, unachezwa, na adui lazima awe nje ya eneo mpaka hapo. Kwa hiyo beki mmoja wa kati asimame ndani ya kumi na nane, pembeni, karibu na kona ya boksi dogo, mwili umefunguka kuelekea chaki. Kipa ampe pasi ya ardhini. Adui ana mita kumi na zaidi za kukimbia kabla hajamfikia. Beki anatazama mara moja, anaupeleka kwa beki wa pembeni au anaupiga mrefu kando ya chaki.

KOCHA: Kwenye murramu wetu lakini, huu udongo mwekundu wa changarawe, ssebo, pasi ya ardhini inaruka kama chura.

KIPA: Inaruka, ndiyo. Kwa hiyo kuna masharti. Pasi haipiti mbele ya lango hata siku moja. Inakwenda pembeni tu. Mpokeaji ausimamishe kwa wayo, asijaribu kuugeuza kwa mguso wa kwanza. Akibanwa, autoe nje bila aibu. Na kama kiwanja kina mashimo kweli, au mvua ya Aprili imekigeuza bwawa, piga mrefu, ila timu nzima ihamie upande mmoja. Wote kumi wabanane ndani ya nusu ya upana wa uwanja, pale mpira utakapoanguka. Mpira wa kwanza wataupata wao; sisi tuko wengi kwenye ule wa pili.

KOCHA: Mazoezini piga goli kiki kumi kila siku, na hesabu kitu kimoja: baada ya sekunde tano, mpira uko kwa nani? Timu nyingi za namna hii huanza na mbili kwa kumi. Zikifika tano, utaliona kwenye daftari la dakika kabla hujaliona kwenye msimamo wa ligi.

KIPA: Umezungumzia mabeki kutawanyika. Waeleze ile ya kamba.

KOCHA: Kamba ya katani, ya kufungia mbuzi. Kata vipande vitatu, kila kimoja mita 8. Mabeki wanne wanasimama mstari mmoja, kila jirani na jirani wanashika kipande. Washike kwa vidole tu, msifunge kiunoni wala mkononi; mmoja akianguka atawavuta wengine. Mwalimu anatembea na mpira kushoto, kulia, mbele, nyuma, na mstari unamfuata kwa kutembea, baadaye kwa mwendo wa kukimbia polepole. Kamba ikigusa vumbi, mmekaribiana mno. Ikikaza mpaka ikamchomoka mtu, kuna mtu kakimbilia mpira peke yake. Dakika kumi, kisha toa kamba mcheze. Mtoto anayeambiwa "kaeni karibu" hana kipimo. Mkono wake ukishavutwa mara ishirini, anacho.

KIPA: Sasa niwatetee makipa, ni kazi yangu. Mtambaa wa panya wa lango uko mita 2.44 juu. Mtoto wa kimo cha mita 1.45 akinyoosha mikono anafika mita 1.85 hivi. Zinabaki karibu sentimita 60 za hewa tupu, na upana ni mita 7.32. Ukimrudisha benchi kwa sababu ya mpira uliopita juu ya mikono yake, umemwadhibu kwa kuwa mfupi.

KOCHA: Kuna la kufanya?

KIPA: La kwanza, asipande. Walimu wanawaambia makipa watoke wakutane na mpira, lakini kipa mfupi akisimama mita sita mbele ya mstari, kila shuti la juu ni bao. Mpira ukiwa mbali, akae hatua mbili tu kutoka mstarini. Atoke pale tu adui anapokuwa peke yake ndani ya boksi, mpira umemtangulia mguuni. La pili, kazi ya mabeki: mtu yeyote mwenye mpira ndani ya mita 20 afikiwe, asipewe nafasi ya kuinua kichwa. La tatu, afundishwe kulala nyuma ya mpira, kwa sababu murramu unabadilisha mpira njia dakika ya mwisho. Mikono ikikosa, kifua kipo. Akidaka, asiharakishe, ila ajue sheria ya 2025: akiushika zaidi ya sekunde 8, wanapewa kona. Refa huhesabu tano za mwisho kwa vidole, mkono juu.

KOCHA: Turudi kwenye daftari. Kuna timu ambayo fungu lake liko dakika kumi za kwanza. Hiyo usiitafutie dawa uwanjani. Ilichelewa. Watoto ishirini wamepakiwa kwenye taksi ya abiria 14, wamefika refa akiwa na filimbi mdomoni, wamevaa soksi ndani ya gari. Misuli imelala.

KIPA: Fika dakika 45 kabla. Ukishindwa, nusu saa. Dakika 15 za kupasha mwili, na mle ndani weka goli kiki tatu na kona mbili kwenye lango lile lile utakalolilinda kipindi cha kwanza, ili kipa ajue mashimo yako wapi.

KOCHA: Na fungu la mwisho, dakika 15 za kumalizia: hiyo ni njaa na benchi. Mtoto aliyekunywa chai ya rangi saa moja asubuhi akacheza saa sita mchana hana kitu mwilini. Posho na maharage ni chakula kizuri, lakini kiwe masaa matatu kabla ya mechi, si nusu saa. Karibu na mechi mpe ndizi mbivu mbili au kipande cha chapati, na maji kidogo kidogo. Gharama yake haizidi ya boda moja. Na wachezaji wa akiba waingie mapema, ukiwa bado mbili bila, wasisubiri saba bila.

KIPA: Lakini Kocha, kuna daftari ambalo halina mafungu. Bao kila dakika tano, mwanzo mpaka mwisho.

KOCHA: Hapo mmekutana na watu wasio wa kimo chenu. Mara nyingine ni ligi imekosea kuwapanga, mara nyingine ni vijeba, watu wazima waliopunguza umri.

KIPA: Ndevu kwenye ligi ya miaka 13.

KOCHA: Ndevu si ushahidi, ndiyo taabu yake. FIFA walianza kupima kifundo cha mkono kwa MRI, picha ya kuona kama mifupa imeshakomaa, kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 Nigeria 2009, na kipimo hicho hakiwezi kuwekwa kwenye kila kiwanja cha kijiji. Huku kwetu unabaki na cheti cha kuzaliwa cha NIRA, mamlaka ya serikali ya vitambulisho na usajili, rekodi za shule, na kukagua kadi na sura kabla ya mechi, nahodha wawili wakiwepo. Malalamiko baada ya tisa bila yanasikika kama kilio cha aliyefungwa. Na usijibu kwa kuleta vijeba wako; utashinda mbili, halafu watoto wako halisi wataacha kuja mazoezini.

KIPA: Pia tazama kalenda. Muhula wa tatu watoto wa P.7 wanatolewa kwa ajili ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na unabaki na wadogo zao. American Samoa walipopigwa 31 bila na Australia mwaka 2001, wengi wa wachezaji wao hawakuruhusiwa kwa sababu ya pasipoti, na vijana wengine walikuwa kwenye mitihani ya shule. Wakapanga waliobaki. Kipa alikuwa Nicky Salapu. Mwaka 2011 Salapu yule yule alikuwa langoni walipowafunga Tonga mbili kwa moja.

KOCHA: Kwa hiyo muhula wa pili anza kuwachezesha wawili wawili wa P.5 na P.6 kila mechi, ili Oktoba isikukute na timu ngeni. Na kwa waandaaji wa ligi: Norwei, kwenye soka ya watoto, timu ikiachwa kwa mabao manne inaruhusiwa kuongeza mchezaji mmoja. Haigharimu hata shilingi.

KIPA: Walimu wa hapa watakataa. Watasema ni aibu.

KOCHA: Aibu kuliko tisa bila?

KIPA: Haya. La mwisho: hilo daftari ashike nani siku ya mechi? Mwalimu ana kazi.

KOCHA: Asishike mzazi.

KIPA: Mzazi ataandika bao la mwanawe tu.

KOCHA: Mpe mchezaji aliyeumia, au yule mdogo wa akiba asiyeingia siku hiyo. Saa ya mkononi, kalamu mbili, maana moja lazima ikauke wino. Na akae nyuma ya lango letu, si kwenye benchi. Pale ndipo anaona mpira ulikotoka.