Ndoano Imeandikwa Tani Tatu, Wewe Una Ngapi?

Asanteni, mkae tu. Nitaanza na swali ninaloulizwa kila mara: "Mwalimu, ndoano ya kuvutia trela nyuma ya gari-nyumba langu, hili la kulala na kupikia safarini, imeandikwa kilo 3,000, kwa hiyo navuta tani tatu, sivyo?" Sivyo. Ndoano inakwambia kikomo chake yenyewe tu. Haijui chochote kuhusu injini, ekseli, wala friji uliyoijaza jana usiku.

Fungua mlango wa dereva. Mara nyingi utakuta pale kibati au stika yenye namba. Tafuteni mbili: uzito wa juu wa gari lenyewe likiwa na kila kitu ndani, na uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja. Ya pili wakati mwingine imo kwenye kitabu cha gari tu.

Tuseme ya kwanza ni kilo 7,500 na ya pili 10,000. Gari tupu lina 6,400. Sasa pakieni. Maji ya tangi lita 200, hizo ni kilo 200. Watu wanne, kilo 300. Jenereta, baiskeli, vyombo, matandiko, chakula, na lile sanduku la spana ambalo hakuna anayekubali kuliacha: 500. Tumefika 7,400. Toa kwenye 10,000, zinabaki 2,600. Kilo 400 za ndoano zimeshayeyuka na bado hatujawasha gari.

Ngojeni, bado. Trela la kawaida hulaza shingo yake, ule mkono wake wa mbele, juu ya ndoano, na ili lisiyumbe barabarani shingo hiyo inatakiwa kubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela. Chukua 10 tu: trela la kilo 2,600 linakuwekea 260 mgongoni. Hizo zinahesabiwa kama mzigo wa gari. 7,400 na 260 ni 7,660. Umezidisha kilo 160! Nafasi uliyokuwa nayo, 7,500 toa 7,400, ni kilo 100, na hizo ni asilimia 10 ya trela la tani moja. Kutoka tatu hadi moja, na hakuna aliyekudanganya.

Halafu kuna mkia. Magari haya huwa na mkia mrefu nyuma ya ekseli, na mkia huo ni wenzo. Ekseli zikiachana mita 5 na ndoano ikiwa mita 2.5 nyuma ya ekseli ya mwisho, zile kilo 260 zinaikandamiza ekseli ya nyuma kwa 390 na kuinyanyua ya mbele kwa 130. Usukani unakuwa mwepesi, na dereva anafurahi. Asifurahi.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, mama... Anauliza kuhusu kuvuta gari dogo likiwa kwenye magurudumu yake manne. Swali zuri. Hapo shingo haikuelemei sana, kwa hiyo kinachokubana ni ile namba ya pamoja, na breki. Breki za magari haya kwa kawaida hupimwa kusimamisha gari lenyewe, si msafara. Gari dogo lifungiwe breki yake, inayokamata pale wewe unapokamata.

Na ukimwaga maji ya kunywa upunguze uzito, sawa. Ila ukiyaogea, yamehamia tu tangi la maji machafu.

Mwingine? Springi. Kuongeza springi kunainua mkia, gari linakaa sawa machoni, lakini tairi, ekseli na breki ni zilezile, na namba ya kwenye kibati ni ileile.

Basi nendeni kwenye mizani mkiwa mmepakia kama siku ya safari, abiria wote ndani. Pandisheni ekseli ya mbele peke yake, msome. Kisha gari zima. Kisha gari na trela likiwa limefungwa. Andikeni namba zote tatu, mje nazo kesho, tutazipigia hesabu hapa ubaoni moja moja.