Walioona kwa Macho Yao

Watu wa kale walichora kwenye kuta za mapango wanyama waliowaona kwa macho yao, na michoro hiyo hutuambia mambo ambayo mifupa haiwezi kusema. Nianze na simba, na mtanisamehe nikikaa naye kidogo.

Simba wa mapangoni alizurura Ulaya na kaskazini mwa Asia hadi yapata miaka 14,000 iliyopita. Mifupa yake tunayo tele. Lakini uulize mfupa kama dume alikuwa na manyoya shingoni, hauna jibu; manyoya huoza. Sasa twendeni pango la Chauvet, kusini mwa Ufaransa, lililogunduliwa Desemba 1994. Ukutani kuna simba wawili ubavu kwa ubavu, waliochorwa kwa rangi nyeusi zaidi ya miaka 30,000 iliyopita. Yule mkubwa ni dume, na hapa hatubahatishi: mchoraji ameziweka korodani wazi kabisa. Shingo yake? Tupu. Aliyechora vile alikwishamtazama simba mara nyingi, tena si kwa mbali.

Na mamothi je, yule tembo wa kale mwenye manyoya marefu? Katika pango la Rouffignac, huko huko Ufaransa, wamechorwa zaidi ya 150. Baadhi yao wana kipande cha ngozi chini ya mkia, kama kifuniko cha kuziba njia ya haja kubwa. Naona mnacheka, subirini. Mwaka 1900 mzoga wa mamothi ulipatikana umeganda kando ya Mto Berezovka, Siberia, majani yangali kati ya meno. Kifuniko kile alikuwa nacho. Kwa baridi ile, joto halikuachwa livuje hata huko nyuma.

Kuna pia kulungu mkubwa wa kale, ambaye pembe zake zilitanuka hadi mita 3.5. Watu huzishangaa pembe; mimi naishangaa nundu ya begani, ambayo tumeijua kwa michoro ya mapangoni.

Mtaniuliza kuhusu fuvu la dubu lililowekwa juu ya jiwe kule Chauvet. Wapo wanaosema ni ibada. Huenda. Fuvu limewekwa, hilo tu ndilo ninaloliona.

Ninachokipenda zaidi kiko kwenye ukuta mwingine wa pango hilo hilo. Mtu alipaka kiganja rangi nyekundu, akakigonga mwambani, akarudia tena na tena. Kidole chake cha mwisho kimepinda. Ukiingia ndani zaidi, unakutana na alama nyingine ya kiganja, nyekundu vile vile, na kidole cha mwisho kimepinda.