Upupu, Parkinson na suala la kipimo

Mabibi na mabwana, wazee wangu, asanteni kwa kufika licha ya foleni ya Ijumaa jioni. Nimeombwa nizungumzie mitishamba na magonjwa ya ubongo. Mada ni pana mno, kwa hiyo nitakaa sana kwenye mmea mmoja: upupu.

Naona wengine wameanza kujikuna. Zile ni nywele za ganda. Mimi nataka mbegu. Ndani yake mna levodopa, kemikali ile ile iliyomo kwenye vidonge anavyopewa mgonjwa wa Parkinson.

Ugonjwa huo aliueleza daktari James Parkinson wa London mwaka 1817. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, hufa. Mkono ukatetemeka, hatua zikafupika, uso ukakosa uchangamfu. Mtu atauliza, kwa nini tusimpe dopamini yenyewe? Haipiti. Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi. Levodopa hupita, kisha ubongo huigeuza kuwa dopamini. Tabu ni kwamba sehemu kubwa hugeuzwa mapema, ingali tumboni na kwenye damu, mgonjwa akaambulia kichefuchefu. Ndiyo sababu kidonge cha hospitali huchanganywa na karbidopa, inayozuia levodopa isigeuzwe njiani. Upupu hauna karbidopa.

Hata hivyo, mwaka 2004 watafiti wa London walichapisha matokeo yanayonivutia hadi leo. Wagonjwa 8 walipewa gramu 30 za unga wa upupu, na siku nyingine vidonge vya kawaida. Unga ulianza kufanya kazi baada ya dakika 35 hivi, vidonge baada ya 69. Nampongeza aliyethubutu kulijaribu jambo hilo. Lakini hao ni watu 8, na ni dozi moja moja. Kwa ushahidi huo simwambii mtu atupe vidonge vyake.

Kinachonitia wasiwasi ni kipimo. Kiasi cha levodopa hutofautiana mbegu kwa mbegu, shamba kwa shamba, na unga wa kwenye chupa isiyo na maandishi haukuambii lolote. Mgonjwa anayemeza vidonge kisha akaongeza upupu kimyakimya hujizidishia dozi: mwili hujinyonganyonga bila hiari yake, pengine akaona watu wasiokuwepo. Na chakula nacho kina neno. Protini hugombania njia na levodopa. Mzee akimeza dawa yake na sahani ya nyama choma, atalalamika kwamba dawa siku hizi haina nguvu.

Kuna mimea mingine iliyofika hospitalini. Maharage ya Calabar, huko Nigeria, watu wa kabila la Waefik waliwanywesha watuhumiwa wa uchawi kupima kama wana hatia. Ndiyo yaliyotupa dawa ya fisostigimini, ambayo mwaka 1934 Dkt. Mary Walker wa London aliitumia kurudishia misuli nguvu kwa mgonjwa wa miastenia, ugonjwa unaolegeza misuli. Rivastigmini wanayopewa leo wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ni ya ukoo huo.

Kwenye kifafa nitakuwa mkali kidogo. Mtoto anayetumia fenobabito, dawa ya kifafa, akiachishwa ghafla ili aanzishiwe mizizi, anaweza kuanguka na degedege lisilokatika. Halafu kuna vitu vya nyumbani tunavyoviona havina madhara: kafuri ikimezwa huleta degedege, na mafuta ya mkaratusi vilevile. Viwekeni mbali na watoto.

Wenzangu madaktari na wauguzi, tukimfokea mgonjwa kwa ajili ya mitishamba, haiachi ng'o. Anaacha kutuambia tu. Muulizeni taratibu: unakunywa nini, kiasi gani, tangu lini? Nanyi waganga, mkiwa na mmea mnaouamini, msilete unga. Leteni tawi lenye majani, maua na matunda ikiwezekana, lililokaushwa ndani ya gazeti, mlipeleke kwenye hifadhi ya mimea ya Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi litambuliwe. Unga hautambuliki kwa macho, na bila jina la mmea hakuna maabara itakayojua inapima kitu gani.

Tupate maswali sasa. Kuna mkono uliinuka pale nilipotaja kafuri. Karibu, mama.