Nani Analipia Kimya cha Mbwa

Mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi wanafunzi wa sheria na wa tiba ya mifugo mliokubali kukaa ukumbi mmoja, asanteni. Nimeombwa nizungumzie jinsi sheria za kulinda wanyama zinavyopiganiwa. Nimechagua moja tu, ya jimbo la Massachusetts kule Marekani, inayokataza kumkata mbwa au paka sauti kwa upasuaji.

Naona mnacheka. Kwetu mbwa asiyebweka ni hasara. Watu wanamfuga ili mwizi amsikie, na akikaa kimya ndipo mwenye nyumba anaposhtuka usingizini. Lakini mhamishieni mbwa huyohuyo kwenye ghorofa ya saba mjini Boston, jirani wa ukuta wa pili anafanya zamu ya usiku na kulala mchana, na mkataba wa pango una kifungu cha kelele. Au mwekeni kwa mzalishaji mwenye banda limejaa mbwa wa kuuza, na majirani wameshachoka. Hapo kubweka kunageuka tatizo la pesa, na tatizo la pesa halikosi fundi.

Fundi mwenyewe ni daktari. Kwa faida ya wanasheria nieleze. Mbwa analazwa kwa dawa ya usingizi, kisha daktari anapitisha kifaa mdomoni hadi kwenye kongoromeo na kunyofoa sehemu ya nyuzi za sauti. Njia ya pili ni kupasua shingo kwa mbele na kuingilia hapo, na hiyo hukata zaidi. Mbwa akizinduka, bado anabweka. Hilo wengi hawalijui. Kifua kinasukuma hewa, mdomo unafunguka, kichwa kinarushwa nyuma kama kawaida, ila kinachotoka ni mkwaruzo, kama mtu aliyekaukiwa koo anajaribu kuita. Kwa wengine sauti hurudi kiasi baada ya muda, na wapo wanaorudishwa mezani kukatwa tena.

Ninyi wa tiba mnajua kovu la mahali pale lina maana gani. Kovu likiota likavuta pande mbili pamoja, njia ya hewa inabana, na mbwa hana jasho la kumpoza mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kuhema. Halafu nyuzi zile kazi yake si sauti peke yake. Zinasaidia kufunga njia ya hewa mnyama anapomeza. Zikiondolewa, maji na chakula vinaweza kuingia mapafuni. Na ile sababu iliyomfanya abweke, upweke, woga, kufungwa kutwa nzima bila kazi, iko palepale.

Sasa kampeni yenyewe. Alikuwapo mbwa wa mashindano ya maonyesho aliyeitwa Logan. Mzalishaji alimkata sauti, na alipoacha kuleta ushindi akatelekezwa. Habari zake zilimgusa kijana mmoja wa sekondari katika mji wa Needham. Huyu kijana hakuwa na shahada wala fedha. Alichokuwa nacho ni haki ya zamani ya jimbo lake: Massachusetts inamruhusu mwananchi yeyote kupeleka muswada bungeni kupitia mbunge wake. Akautumia mlango huo. Muswada ukapita, gavana Deval Patrick akautia saini Aprili 2010, na watu mpaka leo wanauita Sheria ya Logan.

Mkisikia hivyo mnaweza kudhani ilikuwa teremko. Waliopinga hawakuwa watu wabaya, na mwanasheria anayewadharau wapinzani wake huwa anashindwa kesi. Wazalishaji walisema serikali inaingilia mali ya mtu. Baadhi ya madaktari wa mifugo walisema uamuzi wa tiba ni wa daktari na mwenye mnyama, si wa wanasiasa. Na walikuwa na hoja moja nzito kuliko zote: bora mbwa bubu kuliko mbwa mfu. Kwamba mwenye mbwa akishindwa kelele atampeleka kituo cha wanyama, na huko, asipopata wa kumchukua, atadungwa sindano ya mwisho.

Hoja hiyo inatisha, na wanaharakati wengi huijibu kwa machozi. Mimi naona jibu lake ni Logan mwenyewe. Alinyamazishwa, na bado alitupwa. Mtu aliyeona mbwa ni mzigo alipobweka, kesho atamwona mzigo kwa kung'ata viatu, kesho kutwa kwa kuzeeka. Kisu hakimfungi mwenye mbwa kwa ahadi yoyote.

Lakini nataka mtazame maandishi ya sheria, maana huruma bila maandishi mazuri haimfikishi mtu mahakamani. Kifungu kinamlenga anayefanya upasuaji na pia anayesababisha ufanyike. Hilo neno la pili ndilo lenye uzito. Bila hilo, daktari angebeba kosa peke yake na mteja aliyelipa angekwenda zake. Adhabu inafika hadi miaka 5 jela, au faini hadi dola 2,500, au vyote viwili, na mahakama inaweza kumzuia mkosaji kufuga. Kuna mwanya mmoja, na ni wa haki: daktari mwenye leseni anaruhusiwa pale ugonjwa, jeraha au kasoro ya kuzaliwa inapomtesa mnyama au inapoweza kumdhuru.

Mwanya wowote wa kitabibu ni mlango wa uongo, hilo mnalijua. Kila mbwa mwenye kelele angepata "uvimbe kooni". Ndiyo maana waandishi wa sheria wakamlazimisha daktari atunze kumbukumbu kwa miaka 4 tangu amwone mnyama mara ya mwisho, na bodi ya madaktari wa mifugo iweze kuzikagua wakati wowote. Kumbukumbu inataka sababu ya upasuaji na vipimo vinavyoithibitisha, maelezo ya mnyama hadi rangi na uzito wake, jina la mwenye mnyama, na pia jina na anwani ya aliyelipa. Aliyelipa! Napenda sana mstari huo. Aliyeuandika alijua kwamba mwenye mbwa na mwenye nia si lazima wawe mtu mmoja.

California walilikuta tatizo hilohilo upande wa nyumba za kupanga. Sheria yao ya 2012 inamkataza mwenye nyumba kumshurutisha mpangaji amkate mbwa sauti au amng'oe paka kucha ndipo apewe chumba. Ulaya walitangulia wote: mkataba wa Baraza la Ulaya wa 1987 kuhusu wanyama wa nyumbani unataja kukata sauti, mikia, masikio, kucha na meno pamoja, na kuhasi ukakuruhusu. Sisi Watanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na Wakenya wana Sura yao ya 360, sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Kazi ya nyumbani kwa wanasheria: kazisomeni zote mbili mkimtafuta yule "anayesababisha", na yule aliyelipa.

Naona mkono kule nyuma. Haya, kijana, sema. Anauliza: na jirani asiyelala je? Yeye hana haki?

Anayo, na swali hili wapiga kampeni wengi wanalikimbia. Massachusetts ina sheria nyingine inayomruhusu mtu yeyote kuandika malalamiko kwa mamlaka ya mji wake kuhusu mbwa msumbufu. Tafsiri ya mbwa msumbufu inamtaja kwanza mgonjwa anayeishi jirani, anayeudhiwa na kubweka kupita kiasi. Mgonjwa, mbele ya watu wote! Kisha inamtaja mtu wa kawaida ambaye utulivu wake umevurugwa. Mwenye mbwa anaitwa, anasikilizwa, na anaweza kuamriwa achukue hatua za kurekebisha chanzo cha usumbufu. Chanzo, yaani amtoe mbwa matembezi, amwingize ndani usiku, atafute mwalimu wa kumfunza, asimwache peke yake toka asubuhi hadi jioni. Gharama na jasho vinamwangukia yeye. Mwingine? Karibu, dada wa mstari wa pili.